Mamangu ameambiwa ana prioni, na mtaa umesusa mishkaki ya mume wangu

Assalam aleikum dada,

Niko Kisauni, nimeolewa na nina watoto watatu, na mamangu mzazi anaishi kwangu tangu baba afariki. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana sipati nafasi na pia sitaki mama anione nikilia.

Mamangu ana miaka sitini na kitu. Alikuwa mzima kabisa, fundi wa kushona kofia za vito, watu wanamletea oda mpaka za kupeleka Oman. Ramadhani iliyopita futari kapika yeye, mahamri, mbaazi, viazi vya karai, mimi kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo tu. Baada ya Idi nikaanza kuona mambo siyaelewi. Alinishikia kofia akaniambia haoni tundu ya kupitisha uzi, tukadhani ni miwani, tukampeleka kwa daktari wa macho akasema macho hayana neno. Halafu siku moja namtazama anamimina chai, chai yote inamwagika kando ya kikombe na yeye anaendelea kumimina tu, uso umetulia, hajui kama meza imejaa chai. Kutembea akawa anayumba na kushika kuta. Mama akaanza kumwita mwanangu mdogo kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Sasa hivi kijiko kikianguka kwenye sinki mkono wake unaruka wote mpaka bega, na maneno anayosema kwa siku unaweza kuyahesabu. Dada hii yote imekuja mbio mbio, si ule uzee tunaoujua wa kusahau pole pole.

Hospitali wamempima damu, wamempiga skani ya MRI, wamempima umeme wa ubongo kwa zile waya za kichwani, na wakamtoa maji ya mgongo wakasema sampuli inapelekwa nje ya nchi. Daktari akatuandikia kwenye karatasi Creutzfeldt-Jakob, akasema ni ugonjwa wa prioni, unaharibu ubongo na hauna dawa, twende nyumbani tumtunze. Basi, hatukukaa hata robo saa mle ndani, tukajikuta tuko nje kwenye jua tunatazamana.

Sasa kila mtu ana lake. Kakangu anasema mama alikuwa anatembea mpaka alipodungwa ile sindano ya mgongo, ndio iliyommaliza, na kwamba hili ni pepo na kuna mganga anataka elfu thelathini. Mjomba anataka tuuze kiwanja cha Mtwapa tumpeleke India. Wifi yangu akija anaziba pua kwa mtandio, amemtengea mama kikombe na sahani, na watoto wake hawaleti tena kwangu.

Na kubwa zaidi, mume wangu anauza mishkaki jioni, ndio riziki yetu. Kuna mtu ametia kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa video ya ng'ombe anaanguka anguka, akaandika huu ndio ugonjwa wa ng'ombe wazimu, na nyinyi mnajua yule mama alikuwa akila nyama ya nani. Mwengine akaongeza kwamba hata ngamia wanao. Tangu siku hiyo mume wangu anawasha mkaa, nyama iko tayari, watu wanapita upande wa pili wa barabara. Nyama inarudi nyumbani.

Naomba uniambie, mama amepata kwenye nyama kweli? Wanangu wanalala na bibi yao kitanda kimoja, je wataambukizwa? Mimi na ndugu zangu je? Na Mungu akimchukua nani atamuosha, maana wifi ameshasema waosha hawatakubali. Wallahi sina raha.

Mwana wa Mama, Kisauni

*

Waaleikum salaam mdogo wangu, na pole sana wewe na nyumba nzima. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Mimi kabla ya safu hii nilikuwa nesi wodini kwa miaka mingi, na kabla ya kukujibu nimekaa pia na daktari wa neva nikamuuliza nisije nikakupa maneno ya barazani.

Nianze na watoto kwa sababu naona ndio wanaokukosesha usingizi. Waache wawe na bibi yao. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kugusana, wala kwa kukohoa, wala kwa mate, jasho, kikombe, sahani, choo au kulala pamoja. Hata waume na wake wa wagonjwa waliolala nao kitanda kimoja miaka yote, uchunguzi haujaonyesha kwamba wanaupata zaidi kuliko watu wengine. Sababu ya kumtoa mtoto kitandani kwake ni moja tu, kwamba mama anashtuka usiku na mguu unaweza kumpiga mtoto, kwa hivyo mtandikie godoro lake pembeni. Lakini asubuhi aje ampe bibi salamu, amshike mkono, amsomee, amuonyeshe daftari la shule. Mama huenda hajibu lakini usichukulie kwamba hasikii.

Sasa prioni ni nini. Si bakteria, si virusi, si kuvu. Ni protini ambayo sote tunayo kwenye ubongo, kila mmoja wetu, ila kwa mgonjwa imejikunja vibaya, na ikikutana na nzima inaikunja nayo vile vile, kama vile ukikunja shuka pindo la kwanza likaenda mshazari basi mapindo yote yanayofuata yanakwenda mshazari. Seli za ubongo zinakufa, na ubongo ukitazamwa kwa darubini unaonekana una matundu matundu. Jina prioni alilitoa Stanley Prusiner wa Marekani mwaka 1982, na wanasayansi wengi walimbishia kwamba haiwezekani kitu kisicho na chembe ya jeni kikasambaza ugonjwa, mpaka akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1997. Ugonjwa wenyewe umepata jina kwa madaktari wawili wa Ujerumani, Creutzfeldt na Jakob, walioueleza mwaka 1920 na 1921. Uangalie huo mwaka. Ng'ombe wazimu waligunduliwa Uingereza mwaka 1986. Yaani ugonjwa wa mamako ulikuwa unajulikana kwa binadamu zaidi ya miaka sitini kabla ya huyo ng'ombe wa kwenye video.

Na hapa ndipo grupu ya mtaa ilipokosea, wamechanganya magonjwa mawili. Huu wa kawaida, ambao ni kama wagonjwa 85 katika kila 100, unatokea wenyewe tu, protini inajikunja bila sababu inayojulikana, kwa watu wa umri wa mamako haswa, miaka sitini hivi na kuendelea. Unampata kama mtu mmoja au wawili katika kila watu milioni moja kwa mwaka, na unawapata mpaka watu ambao hawajagusa nyama maisha yao yote. Hakuna alichokula, hakuna alichofanya. Ule wa ng'ombe ni aina nyengine, ulitangazwa Uingereza Machi 1996, wagonjwa wake wengi walikuwa vijana, wastani walikufa wakiwa na miaka 28 hivi, na Uingereza walikufa watu 178 kwa jumla. Chanzo chake ni kwamba wafugaji kule walikuwa wanawalisha ng'ombe unga uliosagwa kutoka mabaki ya mizoga ya wanyama wengine, ugonjwa ukazunguka humo humo, kisha watu wakala vyakula vilivyochanganywa na ubongo na uti wa mgongo. Prioni zinakaa huko, kwenye ubongo, uti wa mgongo na macho. Mumeo anachoma mnofu wa ng'ombe aliyekula majani, na ugonjwa wa ng'ombe wazimu haujawahi kuripotiwa Kenya. Ngamia ni kweli, mwaka 2018 wataalamu waliripoti ugonjwa wa prioni kwa ngamia kule Algeria, aliyeandika hilo hakutunga, lakini hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata kwa ngamia.

Kwa hivyo mumeo asikae kimya, kunyamaza kunaonekana kama kukubali. Arekodi voisi fupi aitie kwenye grupu ile ile, kwa adabu, bila kumtaja aliyeandika, aseme: mama mkwe wangu ana ugonjwa unaotokea wenyewe kwenye ubongo, hautoki kwenye nyama wala hauambukizi, daktari ametueleza, nyama yangu nanunua iliyopigwa muhuri na mwenye shaka aje aone. Basi, asibishane na watakaojibu. Na kama mna imamu anayesikilizwa au afisa wa afya wa mtaa, mwende mumuelezee vizuri, maneno mawili baada ya swala yatafika mbali kuliko video. Mimi ningekuwa jirani yako ningekuja kununua kumi nikae nile pale pale mezani.

Kuhusu sindano ya mgongo nataka kusema kwa nguvu kwa sababu hili linatuulia watu hapa Pwani. Wodini nimeona familia zikikataa mtoto asitolewe maji ya mgongo kwa hofu kwamba atapooza, na mtoto ana homa ya uti wa mgongo ambayo dawa yake iko pale pale kabatini ila lazima ijulikane ni ipi. Ile kamba ya neva kwa mtu mzima inaishia juu, karibu na mwisho wa mbavu, na sindano inaingia chini yake kiunoni ambako kuna maji na nyuzi zinazosogea. Mtu anaweza kuumwa na kichwa siku mbili tatu baadaye, hilo kweli. Kakako alichokiona ni mama anaumwa na ugonjwa unaokimbia, na sindano ikaingia katikati ya safari hiyo. Bila sindano angeacha kutembea pia.

Na wasomaji wengine msidhani kila ugonjwa wa ubongo ni kama huu. Mingi ina dawa, ila inataka uwahi. Homa kali, kichwa kinauma sana, shingo imekaza, mtu anachanganyikiwa au anapata degedege, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane za usiku, usingoje asubuhi. Inaweza kuwa bakteria, inaweza kuwa malaria imepanda kichwani, inaweza kuwa TB ya ubongo au ile ya kuvu inayowapata sana wenye HIV, zote zinatibika. Na mbwa akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha ukimbilie chanjo, maana kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Hilo linanirudisha kwako mdogo wangu. Kabla hujakubali neno hakuna dawa, rudi kwa daktari na karatasi umeandika maswali. Muulize kama wamehakikisha si kaswende iliyofika kwenye ubongo, si HIV, si TB, si ile ya kuvu, si tezi ya shingo, si upungufu wa vitamini B12, si damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, na si ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia ubongo wenyewe. Huu wa mwisho unaweza kufanana sana na wa mamako, na kuna wanaopata nafuu kubwa kwa dawa. Muulize MRI imeonyesha nini, kwa sababu Creutzfeldt-Jakob mara nyingi ina alama zake zinazong'aa kwenye picha, pembeni mwa ubongo au kwenye viini vya ndani. Na ile sampuli iliyopelekwa nje, kuna kipimo kinaitwa RT-QuIC kinachotafuta protini iliyojikunja kwenye maji ya mgongo, kikisema ipo ni nadra sana kukosea. Daktari hatakasirika, na akikasirika muulize tena. Robo saa haitoshi kwa habari nzito kama hii, una haki ya kurudi na kukalishwa chini.

Majibu yakithibitisha, basi kiwanja cha Mtwapa kibaki. Najua mjomba anasema kwa mapenzi, lakini si India wala Uingereza wala Marekani, hakuna mahali popote penye dawa ya kuuzuia ugonjwa huu. Anayetaka maoni ya pili achukue CD ya MRI na ripoti apelekewe daktari mwengine wa neva, mama asipandishwe ndege katika hali hiyo. Nakuambia ukweli kwa sababu umeniomba, wengi wanafariki ndani ya miezi kama minne mpaka sita tangu dalili zianze, na wachache sana wanavuka mwaka. Hizo pesa mtazihitaji za pampasi, maziwa, dawa, na mtu wa kukusaidia ili na wewe ulale. Za mganga elfu thelathini pia. Kusomewa Qur'ani asomewe, maji ya kombe ikiwa bado anameza vizuri sina neno, ila asifukizwe moshi chumbani, asichapwe, asifungwe kamba, asinyimwe chakula. Hapo usikubali hata kama ni kakako mkubwa.

Kumtunza sasa. Chumba kiwe kimya, redio chini, mlango usibamizwe, ukitaka kumgusa mwambie kwanza, kwa sababu ile mishtuko inaamshwa na sauti na mguso wa ghafla. Kuna dawa za kuipunguza, klonazepamu kwa mfano, mkumbushe daktari aandike kama hakuandika. Chakula kiwe laini, uji mzito, ndizi za kuponda, na akae wima kabisa, kijiko kidogo kidogo, umuone amemeza ndio utie kingine. Maji matupu ndio yanayopalia kuliko chochote, akianza kukohoa kila anapokunywa simamisha umwambie daktari. Akishakuwa wa kulala tu, mgeuzeni kila baada ya saa mbili, tazameni visigino na mfupa wa matakoni, pakiwa pekundu na wekundu hauondoki basi kidonda kinakuja. Jiko la gesi lifungwe. Coast Hospice ipo hapa hapa Mombasa, waulize hospitali wakuunganishe na watu wa huduma ya namna hiyo mapema, msingoje siku za mwisho.

Tahadhari za kweli zipo ila ni chache. Asitoe damu wala kiungo. Akihitaji upasuaji wowote, au jino, mseme mapema ana ugonjwa gani, maana prioni haiuawi na kuchemshwa kwa kawaida na vyombo vya upasuaji wa ubongo vinahitaji utaratibu wake. Damu ikimwagika vaa glavu ufute na jiki. Wifi yako mwambie hivi hivi, tena mbele ya kakako, na kikombe kile alichokitenga kirudishe kabatini na vingine.

Wewe na ndugu zako. Katika wagonjwa 100 kuna kama 10 mpaka 15 ambao wamerithi jeni yenye kasoro. Wakae wazee wa ukoo muulizane, kuna babu au khalati aliyekufa vile, mbio mbio, akili na miguu kwa pamoja? Kama hakuna, uwezekano kwamba ni wa kurithi unapungua sana, ijapokuwa haufutiki kabisa. Kama yupo, kuna kipimo cha damu cha jeni, kianze kwa mama mwenyewe. Mama akikutwa nayo kila mtoto wake ana nusu kwa nusu. Lakini kujipima wewe usikimbilie, ongea kwanza na daktari juu ya utafanya nini na jibu lenyewe, kuna watu wameamua hawataki kujua na ni haki yao.

Kuoshwa ataoshwa, mdogo wangu, na atakafiniwa na atazikwa siku yake kama Muislamu yeyote. Waosha wavae glavu na aproni, waoshe kwa utulivu, na ngozi nzima haina hatari. Mwili ukiwa haukupasuliwa kwa uchunguzi mnaweza kumbusu paji la uso. Ila kama umepasuliwa kichwa ndio wanahitaji maelekezo ya hospitali. Ongea na bibi mmoja muosha sasa hivi, mama akiwa hai, umueleze taratibu, nawajua wanawake hawa, wameosha waliokufa na mambo makubwa kuliko haya, hawamuachi mtu. Wifi amewasemea yasiyo yao.

Kesho asubuhi anza na daktari, yale maswali ya karatasini na dawa ya mishtuko. Voisi ya mumeo itoke jioni kabla hajawasha mkaa. Majibu ya sampuli yakija niandikie, na kama yatakuwa kinyume na alivyosema daktari niandikie upesi zaidi.